Haya ya Baba Mkwe

Machi 2

Mvua zimeanza, na mwenye ndege amenipigia simu kusema ile ndege yake ndogo nyekundu ni yangu mpaka mashindano ya mwisho wa Mei. Nimeruka sebuleni mpaka mume wangu akachungulia kutoka bafuni, mswaki mdomoni. Miaka yote hii nafundisha watu kurusha ndege taratibu, kama wamepakia mayai. Sasa nitakwenda kichwa chini miguu juu, na hakuna atakayenilalamikia tumbo. Mwaka huu mashindano ya sarakasi za angani yanafanyika kwenye uwanja wetu wenyewe, na watatu wa kwanza watakwenda kushindana nje ya nchi. Nataka kuwa mmoja wao. Nimeandika kwa wino ili nikishindwa nisijifanye sikutaka.

Tatizo ni moja. Sheria ya uwanja haimruhusu mtu kufanya sarakasi bila mwangalizi aliyekaa chini, anayejua anachokitazama. Mume wangu ni daktari wa meno, na hupata kizunguzungu akipanda kiti kubadilisha balbu. Akatema povu, akasema, "Baba atafanya."

Baba yake alirusha ndege za kivita miaka ishirini. Siku hizi ana bustani ya nyanya na maoni juu ya kila kitu. Kocha mwingine unaweza kumwambia anyamaze. Baba mkwe utamwambiaje?

Machi 5

Kwa faida ya atakayeisoma shajara hii nikiwa nimeshavunjika shingo, mpango wetu ni huu. Baba anakaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa uwanja, chini ya mwavuli, na redio mbili. Moja ni ya kuongea na mimi. Ya pili ni ya mnara, ambako kuna mwanamke wa kuongoza ndege ambaye sijawahi kumwona, ila sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Sote tunamwita Mnara. Ndege yangu ina redio moja tu, kwa hiyo nikiwa kwenye sarakasi namsikia Baba peke yake. Mnara akitaka niache, anamwambia yeye, naye ananiambia mimi.

Leo nimepanda, nimejifunga mikanda mpaka pumzi ikawa ya kuomba, nikasema redioni, "Baba, niko mita elfu moja, naanza."

"Haya," akasema.

"Upepo wa huko chini unasukuma upande gani?"

"Haya."

Nikangoja. Nikaanza hivyo hivyo. Nikapiga kitanzi, nikajizungusha, nikapanda wima mpaka mwendo ukaisha, nikageuka, nikashuka pua ikitazama nyasi. Nilipotua alikuwa amesimama mikono nyuma kama anayekagua gwaride.

"Ukipanda wima unaegemea kushoto," akasema.

"Siegemei, Baba."

"Kushoto," akasema, akakunja kiti chake.

Machi 6

Mvua.

Machi 7

Mvua. Nyanya za Baba zimefurahi.

Machi 11

Fundi ameipima ndege yote, bawa kwa bawa, waya kwa waya. Imenyooka. "Kama kuna kitu kimepinda," akasema, "hakiko kwenye ndege." Sikumjibu, maana fundi ukimuudhi leo kesho unamkabidhi roho yako.

Mimi nadhani ni macho ya mzee. Mtu wa miaka sabini na mbili anatazama doa jekundu kwenye mawingu, halafu anatangaza kwamba linaegemea. Nimemwomba mume wangu amshauri baba yake akapimwe macho.

"Mimi ni wa meno," akasema.

Machi 14

Jana jioni, nikiwa nimeinama mlangoni kwao nafunga viatu, nilimwambia Baba kwamba leo siji uwanjani, nina wanafunzi darasani. "Haya," akasema. Leo amekaa kwenye kile kiti tangu asubuhi, mvua inanyesha, redio mbili mapajani, ananisubiri. Mchana akanipigia simu kuniuliza ni nani aliyenifundisha kuchelewa.

"Baba, nilikwambia jana."

"Haya," akasema, akakata.

Sikio la kufa halisikii dawa. La baba mkwe wangu halisikii hata likibembelezwa.

Machi 19

Sisi wa sarakasi tuna tabia moja isiyo na heshima. Kabla ya kuruka tunaitembea programu nzima ardhini, kiganja kimenyooshwa kuwa ndege, tunazunguka, tunachuchumaa, tunainuka, tunarudi kinyumenyume. Ukiona watu wazima wanafanya hivyo kwenye maegesho usiite gari la wagonjwa. Leo nilikuwa naitembea uani kwa wakwe, macho nimeyafumba nusu, Mama mkwe akatokea na kapu la nguo. Akasimama mpaka nilipomaliza.

"Mwanangu," akasema, "ni nyuki?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. Mama hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege. Miaka yote mumewe akiwa angani, yeye alikuwa jikoni na redio ya muziki kwa sauti ya juu, asisikie injini. "Ningekwenda kutazama nini?" akaniuliza. "Mtu akianguka, wanakuja wenyewe kukuambia."

Machi 28

Mvua ilitufungia chini ya bati la karakana, mimi na Baba, tumekaa uso kwa uso juu ya makreti. Mvua ilipiga bati mpaka sikujisikia mwenyewe nikiongea. Lakini yeye alinijibu kila swali, wala hakuuliza mara mbili. Kumbe akitaka kusikia anasikia! Niliumia zaidi.

Nilimuuliza zile ndege za kivita zilikuwaje. Akainua viganja vyote viwili, kimoja nyuma ya kingine kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamwona kijana.

"Tulikuwa wanne," akasema, "bawa kwa bawa. Hutazami mbele. Unatazama skrubu moja kwenye ndege ya mwenzako. Skrubu ikikaa mahali pake, uko hai. Ukijikuna pua, mmekufa wawili."

Akanieleza ukiwasha ule moto wa nyuma ya injini, kiti kinakupiga mgongoni na dunia inakuwa ya jana. Ukivuta kugeuka kwa mwendo ule uzito wako unafika mara saba, mkono haunyanyuki kutoka pajani. Rangi zinaondoka kwanza. Kisha pembeni panaingia giza, unabaki na kitundu kama cha ufunguo, unakaza tumbo na mapaja na kuvuta pumzi vipande vipande, unachungulia humo humo. "Na ukitoka upande wa pili," akasema, "unataka tena. Ndio ubaya wake."

"Na kelele?"

"Kelele!" Akacheka. "Tulikuwa tunasimama nyuma ya injini bila kuziba masikio. Aliyeziba tulimwita bibi harusi."

Nikacheka na mimi. Mvua ilipokatika akakumbuka kazi yake, akaniambia naegemea kushoto.

Aprili 9

Kushoto.

Aprili 10

Kushoto. Nimeota nimekuwa mwavuli uliopinda.

Aprili 12

Leo mawingu yamepanda na nimepata anga safi saa nzima. Lazima niandike kabla sijasahau kwa nini najitesa. Unaivuta fimbo ya usukani, uzito unakushukia mara sita, mashavu yanateremka, damu inakimbilia miguuni nawe unaizuia kwa mapaja. Kisha pua inatazama juu na hakuna kitu mbele isipokuwa buluu, injini inalia, na uzito unapungua, unapungua, mpaka ndege inasimama angani juu ya mkia wake na wewe huna uzito wowote. Kalamu yangu iliondoka mfukoni ikaelea mbele ya pua yangu. Nilicheka kwa sauti. Nilitaka mtu asikie, nikabonyeza redio, nikasema, "Baba, ningeweza kukaa hapa mwaka mzima!"

"Haya," akasema.

Nikatamani kuing'oa ile redio niitupe. Furaha yangu yote, jibu lake ni la mtu anayeaga wageni.

Jioni nikampigia Mnara kuthibitisha ratiba ya wiki. Naye analo lake moyoni. "Huyo mzee wako," akasema kwa usingizi wake ule, "kila ninachomwambia ananijibu haya. Watu wote wanasema nimepokea. Haya ni jibu la kufukuza kuku."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "wewe unakutana naye redioni tu."

Aprili 23

Nimemwambia mume wangu kwamba baba yake ana kiburi. Nimesema wazi: hanijibu redioni, hanijibu nikimpa kisogo, hanijibu mpaka nisimame mbele yake kama askari mbele ya mkubwa wake. Anataka kupigiwa saluti.

"Mvumilie," akasema.

"Nimemvumilia mwezi na nusu."

"Mimi nimemvumilia tangu nizaliwe, na televisheni yake ile inasikika mpaka kwa majirani."

Tukaishia hapo. Ndoa nyingine hugombana juu ya vitu vya maana.

Aprili 30

Mvua. Kushoto.

Mei 13

Mwandiko utakavyokuwa na uwe.

Asubuhi kulikuwa na anga. Nilikuwa nimemaliza nusu ya programu, na lililofuata ni lile la kuanguka huku ndege inazunguka kama pia, mizunguko miwili, kisha kushuka wima na kuivuta itoke. Nilisema redioni naingia. "Haya," akasema Baba. Nikaiachia. Dunia ikazunguka, mara nyasi, mara bati la karakana, mara nyasi. Nikaisimamisha. Nikashuka wima, nikaanza kuvuta.

Chini yangu kulikuwa na kitu cha manjano.

Ilikuwa ndege ya kunyunyizia mashamba dawa, inakata uwanja chini chini, na ilikuwa pale pale nilipokuwa nakwenda. Sikufikiri. Mkono na mguu vilifikiri. Niliisukuma fimbo pembeni na pedali mpaka mwisho, ndege ikajibiringisha, na ile ya manjano ikapita ubavuni mwangu karibu kiasi kwamba nilimwona rubani wake. Alikuwa anakula kitu.

Nikatua. Nikazima injini. Nikatembea moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti na nikafanya jambo ambalo mama yangu mzazi akilisikia atalala njaa. Nilimfokea baba mkwe wangu mbele za watu.

"Ulikuwa unatazama nini? Kazi yako ni nini hapa? Nimekaribia kufa, Baba! Kufa!"

Akanitazama mdomo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na redio zote mbili alikuwa amezikumbatia kifuani. Akafungua kinywa.

"Haya," akasema, polepole sana.

Nikaitupa kofia yangu ya kurukia kwenye nyasi, nikaondoka.

Kwenye maegesho mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira akanikimbilia, anahema. Sikumjua mpaka aliposema. Ilikuwa sauti ya Mnara, ila safari hii ameamka kabisa. "Nilimwambia," akasema. "Yule wa mashamba hakunijibu, kwa hiyo nikamwambia mzee wako akuondoe. Nilimwambia mara tatu. Mara tatu akanijibu haya. Dada, naomba unisamehe, lakini siwezi kukuruhusu tena. Mpaka awepo mtu chini anayejibu akijua anajibu nini."

Mashindano ni baada ya siku kumi na moja.

Nikaenda nyumbani kwa wakwe, nikijua Baba atachelewa kurudi. Nilikwenda kumwambia Mama kila kitu na kusema basi, yameisha. Nilimkuta jikoni. Nikasema yote, nikalia, nikasema tena. Hakunikatiza. Kisha tukasikia mlango wa mbele, Baba akaingia, akakaa kwenye kiti chake cha sebuleni, ametupa mgongo, hajatuona. Mama akachukua kifuniko cha sufuria kubwa, akatoka nacho mpaka nyuma ya kiti, akakiachia kwenye sakafu.

Mimi niliruka. Paka alikimbia. Kifuniko kilizunguka zunguka pale chini kikilia mpaka kikachoka.

Baba alikuwa anatazama dirishani. Hata bega halikutikisika.

"Sasa umejua," akasema Mama, akakiokota. "Mimi nimejua mwaka wa tisa huu."

Tukarudi jikoni akanieleza. Wakienda kwa watu, anakaa karibu naye na kumgusa goti chini ya meza. Mara moja: unasemeshwa. Mara mbili: cheka, wamefanya utani. Mara tatu: sema haya. Amemfichia hivyo harusini, misibani, kwenye vikao vya ukoo, hata mbele ya mwanawe. Akimwona mtu mdomo anaelewa. Asipouona, anasema haya na kuomba Mungu liwe ndilo jibu. Kifaa cha sikio alimnunulia kwa siri, hataki kukivaa.

Nikaketi. Nimekasirika kuliko asubuhi, na sijui tena nimkasirikie nani. Lile bati la mvua. Zile injini. Siku ile mlangoni nikiwa nimeinama. Mtu mzima ananitazama naning'inia angani, hanisikii, na anaona afadhali nife kuliko aseme. Hilo neno lina maana mbili na mimi nilisikia moja tu. Ilikuwa haya kweli, ile ya usoni.

Mei 14

Baba alikuja mwenyewe. Mume wangu akamfungulia, akakumbuka ghafla kwamba ana jino la mtu linamsubiri, akatoroka.

Baba alikaa mbele yangu, akavua kofia yake kuukuu ya sufu. "Niseme nini?" akaanza. "Taa ya redio ikiwaka, nasema haya. Rubani asiyesikia ni abiria. Ningesema, wangenitoa kwenye kile kiti. Nikitoka pale nakwenda wapi? Sebuleni? Macho yangu hayana kitu, mwanangu. Ile ya manjano niliiona, lakini niliiona wakati ule ule ulioiona wewe. Macho yalikuwa kwako."

"Ungeniua, Baba."

"Najua." Akaizungusha kofia mikononi. "Najua. Sikulala."

Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe kwa heshima, na nikajikuta nasema, "Na kile kifaa cha sikio alichokununulia Mama?"

Akagusa mfuko wa shati. Kilikuwa humo, ndani ya kiboksi chake, hakijafunguliwa. Mtu ana sikio mfukoni miaka yote hii! Nilitoka nje nikatembea mpaka kona na kurudi, ndipo nikaweza kuongea tena.

Mei 15

Mume wangu hawezi kufunga kliniki. Fundi anasema akitazama juu shingo inamkaza. Nilikuwa naandika ujumbe wa kujitoa mashindanoni Mama mkwe alipopiga simu.

"Huyo mama wa mnara," akasema, "anataka mtu anayesikia. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na anayejua kutazama yupo."

"Yupo."

"Basi kuna viti viwili au nije na changu?"

Mei 16

Alikuja na chake, na mto wa kukalia, na kitambaa cha kufumba macho. Mnara akashuka tena na viatu vyake vya mpira, akamuuliza maswali, akamjaribu kwa redio mara tano. "Nimepokea," alikuwa anasema Mama, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye mnara. Tukapewa ruhusa.

Mpango mpya: Mama anasikia redio zote mbili, anamgusa Baba goti. Mara moja: anaanza. Mara mbili: amemaliza. Akilibana goti lote, ni hatari, na Baba ananipigia kelele nitoke. Tuliufanyia mazoezi ardhini. Mara ya kwanza alipogusa mara mbili Baba akacheka kwa nguvu, kwa mazoea.

Nikaruka. Kitambaa alikifunga machoni nikiwa bado napasha injini. Redio haikuniambia haya hata mara moja.

Mei 18

Mama amefungua jicho moja.

Mei 20

Baba amenikataza kuruka leo. Amenikalisha kwenye ndege iliyosimama karakanani, akaniambia nifumbe macho, nishike fimbo, niiruke programu yote kichwani. Yeye akasimama pembeni na mwavuli. Nilijiona mjinga. Nikafika kwenye kupanda wima, nikavuta, na ncha ya mwavuli ikanigusa bega la kushoto.

"Usisogee. Fungua macho."

Nikafungua. Kichwa changu kilikuwa kimegeuka kushoto, kutazama ncha ya bawa kama nimenyooka. Na fimbo ilikuwa imekwenda nacho, kidogo tu, upana wa kidole.

"Kichwa kikigeuka mkono unafuata," akasema. "Geuza macho, kichwa kiache."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema fundi, waya, upepo, umri. Nikasema tutajaribu. Miezi miwili na nusu! Na mimi nilitaka akapimwe macho.

Mei 22

Mvua. Nimetembea programu uani. Mama mkwe ametembea nyuma yangu kwa kufuatisha, kiganja juu, kapu la nguo kiunoni. Anaijua yote.

Mei 24

Mashindano. Waamuzi watano kwenye viti, shingo nyuma, midomo wazi kama wako kwa mume wangu. Siku ya mashindano kocha haruhusiwi kusema neno redioni. Unaingia kwenye lile boksi la angani, lisiloonekana, peke yako, na ukitoka nje ya mipaka yake wanakukata alama. Miezi yote nimeomba kimya. Nilipokipata sikukipenda.

Nikatikisa mabawa kuwaambia naanza. Kitanzi kikatoka mviringo. Kichwa chini nilining'inia kwenye mikanda, vumbi la sakafuni likanidondokea usoni, nikasukuma, macho yakajaa damu. Ile ya kuzunguka kama pia ikatoka mizunguko miwili, ikasimama pale pale. Kisha ikaja zamu ya kupanda wima. Nikavuta. Uzito ukaja, mashavu, mapaja, pumzi vipande vipande. Shingo yangu yote ilitaka kugeuka kushoto. Nikakaza meno nikageuza macho tu, na pale pembeni ya jicho bawa lilikuwa limesimama juu ya upeo wa dunia, sawasawa, na halikwenda popote. Ndege ikapanda mpaka ikaishiwa. Ilisimama. Sikuwa na uzito wowote, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nikasema mwenyewe ndani ya kofia, "Haya."

Kisha nikaanguka kwa mpangilio.

Mei 25

Wa tatu. Nimekuwa wa tatu! Wa nne yuko nyuma yangu kwa alama ambazo ungeweza kuzipoteza mfukoni, na nilizomzidi zote zimetoka kwenye kupanda wima. Mwamuzi mkuu alisema ndiyo mstari ulionyooka kuliko yote siku hiyo.

Wakwe zangu walikuwa kwenye ukingo wa uwanja, viti viwili. Mama hakuwa na kitambaa machoni. Alikuwa nacho mkononi, kimelowa. Baba alikuwa ameivuta ile kofia ya sufu mpaka chini ya masikio, kwa sababu ya baridi, nikadhani. Nikasimama mbele yake vizuri ili aone mdomo.

"Baba," nikasema, "ulikuwa sahihi. Nilikuwa naegemea kushoto."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikia, mwanangu," akasema. "Sema tena."

Msimu mzima nimemngoja mtu huyu aseme neno hilo moja tu, sikusikia, na leo amelisema mbele ya watu, kichwa juu, bila haya. Nikavuta pumzi kama ya kuvutia ndege, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye meza ya waamuzi: "Baba, ulikuwa sahihi! Nilikuwa naegemea kushoto tangu Machi!"

Watu wakageuka. Fundi akapiga makofi. Mnara alikuwa kwenye ngazi zake, akacheka mpaka akashika chuma.

"Haya," akasema Baba.

Jioni, nikisaidiana na Mama kuosha vyombo, nilimwambia jinsi nilivyoguswa. Nikasema ni ujasiri, mtu kama yule, kukiri mbele ya umati kwamba hasikii. Mama akaiweka sahani chini, akajifuta mikono.

"Kile kifaa nilimvalisha mwenyewe asubuhi," akasema, "chini ya kofia. Alikusikia mara ya kwanza."